Hadhi ya F-1 Marekani: maswali ambayo wanafunzi na wazazi wa Nairobi hawaachi kuuliza

Kuanzia Mei hadi Agosti simu yangu haitulii. Mara ni mzazi wa Umoja, mara ni kijana wa Rongai aliyepata barua ya chuo, mara ni binti ambaye tayari yuko Marekani na amepokea baruapepe asiyoielewa. Nilisoma huko kwa F-1, yaani viza ya mwanafunzi, nikarudi, na sasa nawasaidia wanaojiandaa kwenda. Watu hufanya mazoezi ya mahojiano ya viza katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, kwa miezi, kisha wanapanda ndege bila kujua wanatakiwa kufanya nini ili wasipoteze karatasi zao. Ndiyo maana nimeyakusanya maswali haya. Yote yanahusu F-1. Viza za J-1 (za mabadilishano) na M-1 (za mafunzo ya ufundi) zina masharti yake.

## Mambo ya msingi

Viza yangu itaisha kabla sijamaliza shahada. Je, nitakuwa Marekani kinyume cha sheria?

Hapana, na hili ndilo swali linalowanyima watu usingizi bure. Viza ile iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ya kukufikisha mlangoni. Inakuruhusu kufika uwanja wa ndege wa Marekani na kuomba kuingia. Ukishaingia, kinachokulinda ni hadhi yako ya mwanafunzi, na hadhi hiyo inategemea I-20 iliyo hai (fomu ya chuo, nitaieleza katika swali linalofuata), masomo unayoyasoma na masharti unayoyafuata.

Viza ikiisha ukiwa darasani, endelea na masomo yako. Utaihitaji tena siku utakayotoka nje ya Marekani na kutaka kurudi (tazama sehemu ya safari). Kinyume chake pia ni kweli, na watu wengi hawakijui: unaweza kuwa na viza iliyobakiza miaka kadhaa kabla ya kuisha na bado uwe umepoteza hadhi.

I-20 ni nini, na kwa nini kila mtu ananiambia niitunze?

Ni fomu inayotolewa na chuo, si na ubalozi. Ina jina lako, programu unayosoma, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, gharama za mwaka na mahali pesa zinapotoka. Juu yake kuna namba inayoanza na herufi N. Hiyo ni namba yako katika SEVIS, mfumo wa kompyuta ambamo serikali ya Marekani inafuatilia kila mwanafunzi wa kigeni. Ada ya SEVIS ni dola 350 na hulipwa kabla ya mahojiano, mbali na ada ya viza yenyewe.

Iangalie tarehe ya kumaliza programu leo hii. Iandike kwenye kalenda ya simu, na uweke kikumbusho miezi minne kabla. Ukiona hutamaliza kwa wakati kwa sababu za kimasomo au ugonjwa, kama kubadilisha programu au utafiti uliokwama bila kosa lako, chuo kinaweza kukuongezea muda, lakini ombi lazima lishughulikiwe kabla tarehe hiyo haijapita. Ikipita hata siku moja, njia hiyo imefungwa.

DSO ni nani?

Ni afisa wa chuo aliyepewa mamlaka ya kuingiza taarifa zako katika SEVIS. Kwa kawaida utampata katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Mhadhiri anaweza kukuambia "hakuna shida, acha tu hilo somo". Msajili anaweza kukuambia hivyo pia. Wote wawili wana nia njema na hakuna hata mmoja anayewajibika kwa hadhi yako. Neno la DSO ndilo linalohesabika, na litake kwa maandishi.

Naweza kufika mapema kiasi gani, na nikifika nifanye nini?

Unaruhusiwa kuingia siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza programu iliyo kwenye I-20, si mapema zaidi. Ukitua, ripoti katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni bila kusubiri upone uchovu wa safari. Chuo lazima kithibitishe kwenye SEVIS kwamba umefika na umejisajili.

Kisha ingia kwenye tovuti ya I-94 ya idara ya forodha na mipaka ya Marekani uchapishe rekodi yako ya kuingia. Hakikisha inasema F-1. Kwa miaka mingi wanafunzi wameandikiwa D/S badala ya tarehe, maana yake unaruhusiwa kukaa muda wote ambao unadumisha hadhi. Agosti 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilipendekeza kuondoa utaratibu huo na kuweka muda maalumu usiozidi miaka minne. Kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye I-94 yako wewe, usitegemee ya binamu aliyekwenda zamani. Ukikuta makosa, mwambie DSO wiki hiyo hiyo.

Nikihama nyumba je?

Una siku 10 kumpa DSO anwani mpya. Kuhama kutoka bweni kwenda nyumba ya kupanga mtaa wa pili ni kuhama.

## Masomo

Natakiwa kusoma masomo mangapi?

Kwa shahada ya kwanza, angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida (krediti ni kipimo cha uzito wa somo). Kwa shahada za juu kila chuo huweka kiwango chake; uliza. Ushauri wangu ni kuchukua 14 au 15 pale unapoweza, ili ukibanwa uwe na nafasi ya kuacha somo moja bila kushuka chini ya 12.

Somo moja linanishinda. Naweza kuliacha?

Unaweza kuruhusiwa. Lakini usiliache kabla ya kumwona DSO.

Kuna kijana niliyemsaidia kuandaa safari yake. Muhula wa kwanza alikuwa na krediti 12 kamili. Kalkulasi ikamlemea, mtihani wa pili akapata 41. Alhamisi moja, saa tano usiku, akaingia kwenye akaunti yake ya chuo, akabonyeza kitufe cha kuondoa somo. Mfumo ukamuuliza mara moja tu kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, zikabaki krediti 9. Aliniambia baadaye kwamba usiku huo ndio aliolala vizuri baada ya wiki mbili. Mfumo wa usajili haukujua wala haukujali kwamba yeye ni F-1. DSO alipoiona, rekodi yake ilikuwa imeshaharibika. Kilichoniuma ni kwamba angeandika baruapepe ya mistari mitatu Alhamisi hiyo, angekuwa na sababu nzuri ya kupewa ruhusa.

Sababu zinazokubalika ni chache na zimeandikwa kwenye kanuni. Ya kwanza ni ugumu wa mwanzo: lugha, wingi wa vitabu vya kusoma, kutozoea ufundishaji wa Kimarekani, au kuwekwa kwenye darasa lisilo la kiwango chako. Ukipewa ruhusa hii lazima ubaki na angalau nusu ya mzigo, yaani krediti 6, na muhula unaofuata urudi kwenye mzigo kamili. Ya pili ni ugonjwa, ukiwa na barua ya daktari au mwanasaikolojia mwenye leseni. Hapa unaweza kuruhusiwa kupunguza hata masomo yote, kwa jumla ya miezi isiyozidi 12 katika ngazi moja ya masomo. Msongo wa mawazo ni ugonjwa. Nasema hivi kwa sababu vijana wetu huona aibu kwenda kliniki ya chuo, wanajifungia chumbani hadi wanafeli kila kitu. Ya tatu ni muhula wa mwisho, ukiwa umebakiwa na masomo machache tu ya kumaliza.

Kukosa pesa hakumo kwenye orodha hiyo.

Masomo ya mtandaoni yanahesabika?

Kati ya krediti 12, ni somo moja tu la mtandaoni, au krediti 3, linalohesabika kwa muhula. Ukitaka la pili, liwe juu ya zile 12. Katika muhula wa mwisho, kama umebakiwa na somo moja tu, lazima liwe la darasani.

Lazima nisome wakati wa kiangazi?

Hapana, kama ni likizo rasmi ya chuo chako na umejisajili kurudi muhula unaofuata.

Karo imechelewa kutoka nyumbani. Hilo linagusaje hadhi yangu?

Wazazi, swali hili ni lenu. Chuo hakikufukuzi nchini kwa deni. Kinachofanya ni kuifunga akaunti ya usajili. Akaunti ikifungwa, mwanafunzi hawezi kuchagua masomo ya muhula ujao. Asipojisajili kwa wakati, DSO analazimika kuripoti, na rekodi ya SEVIS inafungwa. Deni la dola elfu mbili linaweza kumaliza hadhi ya mtoto ambaye ana A tupu.

Kwa hiyo hesabuni karo kwa dola, na mwache nafasi. Waliopanga bajeti mwanzoni mwa 2023, dola ikiwa karibu shilingi 123, walijikuta Januari 2024 wanaihitaji kwa takriban shilingi 160. Mnada wa shamba na harambee ya kanisa vina ratiba yake. Tarehe ya chuo haingoji. Pesa zikichelewa, mwanafunzi aende ofisi ya fedha kuomba kulipa kwa awamu kabla ya tarehe ya mwisho, na amjulishe DSO siku hiyo hiyo.

Kuna pia kibali cha kazi kwa waliopatwa na dhiki kubwa ya kifedha isiyotarajiwa, na kuporomoka kwa sarafu ni mojawapo ya sababu zilizotajwa kwenye kanuni. Unatakiwa uwe umesoma mwaka mzima, uwe unafanya vizuri, na ombi liende kwa USCIS, idara ya uhamiaji inayotoa vibali. Huchukua muda, kwa hiyo si dawa ya deni la wiki ijayo.

Nataka kuhamia chuo cha bei nafuu. Naanza wapi?

Anza kwa kupata nafasi katika chuo kipya, kisha mwombe DSO wa chuo cha sasa ahamishe rekodi yako ya SEVIS. Mtakubaliana tarehe. Usiache masomo kwanza ndipo utafute chuo. Masomo mapya lazima yaanze ndani ya miezi mitano, au katika muhula wa kwanza unaopatikana ikiwa huo uko karibu zaidi, na ukifika uripoti kwa DSO mpya ndani ya siku 15 tangu programu ianze. Vyuo vya jamii vya miaka miwili vimewaokoa wengi ambao karo ya chuo kikuu ilikuwa imewashinda, na si aibu.

## Kazi na pesa

Naweza kufanya kazi?

Ndani ya chuo, ndiyo: maktaba, jikoni, maabara, mapokezi. Kikomo ni saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na ukiwa na kazi mbili zinajumlishwa. Likizoni unaweza kufanya muda wote. Barua ya mwajiri na ya DSO ndizo zitakazokupatia SSN, yaani namba ya hifadhi ya jamii.

Shangazi ana kampuni ya kutunza wazee huko. Si naweza kumsaidia wikendi anilipe taslimu?

Usifanye hivyo. Ni swali ninaloulizwa na watu wazuri wenye shida ya kweli, kwa hiyo nalijibu bila kuzunguka. Kazi ya nje ya chuo bila kibali ni kosa baya kuliko kuacha somo, kwa sababu ukishaifanya, njia ya kurudishiwa hadhi nayo inafungwa (tazama "Nimeshapoteza hadhi"). Kulipwa taslimu hakubadilishi chochote. Kuendesha gari la abiria kwa programu ya simu, kupeleka chakula na kulea watoto wa jirani kwa malipo vyote vimo humo. Shangazi mwenyewe anavunja sheria ya ajira kwa kukuandika.

Na biashara yangu ya Nairobi, au kazi za kuandika mtandaoni nilizokuwa nazo?

Kodi ya nyumba unayomiliki Kitengela, hisa za Safaricom, gawio la Sacco: hayo ni mapato ya mali, si kazi. Lakini ukikaa kwenye meza ya bweni ukiandika makala ya wateja kila usiku, unafanya kazi ukiwa ndani ya Marekani, hata kama malipo yanaingia M-Pesa. Wanasheria wengi wa uhamiaji huwaonya wanafunzi wasijiingize humo. Mkabidhi ndugu biashara kabla ya kuondoka, akaiendeshe kweli.

CPT na OPT zinatofautianaje?

CPT ni mafunzo ya kazi yaliyo sehemu ya mtaala, ukiwa bado unasoma, na kwa kawaida baada ya mwaka mzima wa masomo. DSO huiandika kwenye I-20 pamoja na jina la mwajiri na tarehe. Ukianza Jumatatu wakati I-20 inasema Jumatano, umefanya siku mbili bila kibali. Ukitumia miezi 12 au zaidi ya CPT ya muda wote, unapoteza OPT ya ngazi hiyo.

OPT ni miezi 12 ya kazi inayohusiana na ulichosoma, wengi huitumia baada ya kuhitimu. Waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24. Ombi huanza kupokelewa siku 90 kabla ya kumaliza programu na hufungwa siku 60 baada yake, na lazima liwafikie USCIS ndani ya siku 30 tangu DSO akupendekeze kwenye SEVIS. Huanzi kazi hadi ushike kadi ya kibali cha kazi na tarehe yake ifike. Ukikaa bila ajira jumla ya siku 90 katika OPT hiyo ya kwanza, hadhi imeisha.

Sikupata hata senti. Kuna fomu ya kodi?

Ipo: Fomu 8843, kila mwaka. Uliyelipwa utajaza pia 1040-NR, fomu ya kodi ya mapato ya wasio wakazi, kufikia Aprili 15. Na angalia hati ya malipo: katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, mwanafunzi wa F-1 kwa kawaida hakatwi Social Security (hifadhi ya jamii) wala Medicare (bima ya afya ya wazee). Ukikatwa, mwone mwajiri akurudishie.

## Safari

Nataka kuja nyumbani Krismasi. Nihitaji nini ili nirudi?

Pasipoti yenye muda wa kutosha, viza hai, na I-20 yenye saini ya DSO ya kusafiri. Saini hiyo iko ukurasa wa pili, mstari mdogo chini, na hutumika mwaka mmoja (miezi sita ukiwa kwenye OPT). Itafute mwenyewe kwa kidole. Beba na ushahidi wa karo na usajili wa muhula ujao, vyote kwenye mkoba wa mkononi. Nimemwona msichana pale JKIA akifungua sanduku lililokwisha kufungwa kwa karatasi ya plastiki, chapati zikitoka moja moja, kwa sababu I-20 ilikuwa chini kabisa.

Kama viza imeisha, utaomba upya Gigiri, na foleni ya miadi inaweza kuwa ndefu kuliko likizo yako. Angalia tarehe za miadi kabla ya kununua tiketi. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza za wanafunzi wanatakiwa pia kuweka kurasa zao za mitandao ya kijamii wazi kwa umma.

Nimefiwa, na nahitaji kukaa Kenya muhula mzima.

Pole sana. Kabla ya kuruka, hata kama ni kwa simu ya dakika tano, mwambie DSO ili akuandikie kuondoka kwa ruhusa. Ukiruhusiwa hivyo una siku 15 za kutoka nchini. Ukiondoka kimyakimya rekodi inafungwa kwa kosa. Ukikaa nje chini ya miezi mitano, DSO anaweza kuifufua rekodi ile ile. Ikizidi miezi mitano unahitaji I-20 mpya na ada ya SEVIS upya, na mwaka unaohitajika kwa ajili ya CPT na OPT unaanza kuhesabiwa tena.

Pasipoti inaisha nikiwa huko.

Anza mapema kupitia eCitizen na ubalozi wa Kenya ulioko Washington. Viza hai iliyo kwenye pasipoti ya zamani bado inatumika. Safiri na zote mbili.

## Mambo yakiharibika

Nimeshapoteza hadhi. Nifanyeje?

Nenda kwa DSO leo, na utafute wakili wa uhamiaji. Vyuo vingi vina orodha ya wanaotoza kidogo. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuomba kurudishiwa hadhi ukiwa huko huko, kwa Fomu I-539. Ombi liende ndani ya miezi mitano tangu kosa litokee, uwe hujafanya kazi bila kibali, na uweze kuonyesha kwamba ilitokana na jambo lililo nje ya uwezo wako, au ulipunguza masomo wakati DSO angeweza kukuruhusu. Ya pili ni kutoka nchini na kuanza upya kwa I-20 mpya. Kijana wa kalkulasi alifuata hii ya pili.

Usikae tu ukingoja. Waliokaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180 kisha wakaondoka huzuiwa kuingia kwa miaka mitatu. Wakizidisha mwaka, miaka kumi.

Nimekamatwa na polisi, lakini kesi ikafutwa.

Mwambie wakili wa uhamiaji hata hivyo. Kukamatwa tu kwa kuendesha gari ukiwa umelewa kunaweza kufanya viza ifutwe. Aprili 2025 maelfu ya rekodi za SEVIS zilifungwa, nyingi kwa sababu ya majina kuonekana katika kumbukumbu za polisi, zikiwemo kesi zilizotupwa. Baada ya mashtaka mahakamani serikali ilianza kuzirudisha mwezi huo huo.

Bangi inaruhusiwa katika majimbo kadhaa. Lakini uhamiaji ni sheria ya serikali kuu, na kwa sheria ya serikali kuu bangi ni marufuku.

Nilipoomba leseni ya udereva waliniuliza kama nataka kujiandikisha kupiga kura. Nijibu nini?

Jibu hapana, na usome kila kisanduku kabla ya kusaini. Kudai uraia wa Marekani kwa uongo, hata kwa kutiki bila kusoma, kunaweza kukufungia milango ya nchi hiyo maisha yako yote.

Mimi ni mzazi. Nimemwandikia DSO mara tatu na hanijibu.

Sheria ya Marekani inamzuia kuzungumza nawe kuhusu mwanafunzi wa chuo bila idhini ya mwanafunzi mwenyewe, hata kama wewe ndiye unayelipa. Mwombe mwanao ajaze fomu ya idhini wiki ya kwanza, kukiwa na amani. Zingatia pia saa: ofisi ya New York ikifunguliwa saa tatu asubuhi, Nairobi ni saa kumi jioni wakati wa kiangazi na saa kumi na moja wakati wa baridi. Simu ya saa nne asubuhi kutoka Buruburu inalia kwenye ofisi tupu.